Betri ya pili kwenye Cruiser ya kempingi: kabla hujanunua, jua kwanza itachajiwaje

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Moshi kaniandikia meseji ndefu. Kapata Land Cruiser yake, anataka kuanza kupeleka wageni kempingi, na fundi umeme kamwambia lete betri ya pili nikuunganishie, chanya kwa chanya hasi kwa hasi, kazi imeisha. Ananiuliza "kaka hii ni sawa?" Nikamjibu palepale asikubali. Halafu nikaona jibu la meseji halitoshi, maana najua wengi mnaosoma hapa ndoto yenu ni hiyohiyo, gari yako mwenyewe, hema juu, friji nyuma, wageni wanakunywa kitu cha baridi katikati ya Serengeti. Kwa hiyo acha niandike yote.

Haya mambo sikuyasoma chuo, yalinifundisha kwa uchungu. Kabla sijawa na gari yangu nilikuwa dereva kwenye kampuni moja hapa Arusha, sitaitaja. Gari zao zilikuwa na friji imechomekwa kwenye soketi ya kibiriti, na ile soketi ilikuwa na moto muda wote hata ukichomoa funguo. Betri moja tu, hiyohiyo ya kuwashia injini. Nilishamwambia bosi, tena mbele ya mtu wa karakana, kwamba hii friji usiku inakula betri ya gari na siku moja itatuaibisha. Akaniambia endesha gari, mambo ya umeme waachie mafundi.

Ikawa Ndutu, kusini mwa Serengeti, mwezi wa pili, nyumbu wamezaa wamejaa kila mahali, na wenye kufika kule msimu ule mnajua wakizaa nyumbu basi simba, fisi na duma wote wako jirani. Usiku joto, friji imejaa vinywaji na nyama ya mpishi, inazunguka tu bila kupumzika. Alfajiri wageni wameshapanda, kamera ziko tayari, nageuza funguo nasikia tik tik tik. Dashibodi inafifia. Kusukuma gari pale sio kama kusukuma gari Sakina, kambi haina uzio, giza bado na nyayo za fisi ziko mpaka kwenye mlango wa hema la jikoni. Tukakaa tunasubiri mpaka dereva wa kampuni nyingine akapita akatubusti, Mungu ambariki yule kaka, na kufikia hapo jua lilikuwa limeshapanda na wageni wameshanuna. Walikuja kuona duma anawinda asubuhi wakaona boneti imefunguliwa.

Tuliporudi mjini bosi akanikata mshahara. Akasema niliacha taa zinawaka usiku. Nikamweleza ni friji, nikamkumbusha nilichomwambia, hakutaka hata kusikia, akaniita mzembe mbele ya madereva wenzangu. Ile hela nilishaisahau. Lile neno sijalisahau, na nadhani ndio lililonifanya nikaamua nitajifunza umeme wa gari mpaka nijue kuliko waliokuwa wananiambia niwaachie wao.

Sasa turudi kwa dogo wa Moshi. Kwa nini chanya kwa chanya tu haifai? Kwa sababu betri mbili zikishikana muda wote zinakuwa betri moja kubwa, friji itazinyonya zote mbili kwa pamoja, asubuhi utaamka huna ya kuwashia wala ya friji, yaani umetumia hela nyingi kufika palepale nilipokuwa mimi Ndutu. Na betri mpya ikifungwa na ya zamani hivyo, ile iliyochoka inaivuta mpya chini mpaka nayo inakufa kabla ya wakati. Betri ya kuwashia injini imetengenezwa kutoa moto mkali kwa sekunde chache halafu ijazwe haraka, haipendi kushushwa chini kila usiku. Ya pili inatakiwa iwe ya kushuka taratibu na kupanda, zile wanaita diipu saiko, iwe AGM (ya risasi na asidi, iliyofungwa kabisa) au lithiamu. Hizi mbili kazi zao ni tofauti, lazima kuwe na kitu katikati cha kuzitenganisha injini ikizimwa.

Hicho kitu cha katikati ndio mfumo wenyewe, na hapa ndipo watu wanapobana hela wakati betri wamenunua ya bei mbaya.

Ukiwa na Cruiser ya zamani, zile za injini ya 1HZ, alternata yake (ile inayozungushwa na injini kuchaji betri) ni ya kawaida, inatoa kama volti 14 muda wote injini inapozunguka. Hiyo unaweza kutumia rilei, yaani swichi ya umeme, inayosoma volti. Ikiona betri ya mbele imefika kama 13.3 inaziunganisha, ya pili nayo inaanza kula chaji, ukizima gari volti ikashuka mpaka 12.8 hivi inaachia. Rahisi, haina mambo mengi, na kwa AGM inafanya kazi vizuri kabisa. Lakini usiifunge na lithiamu. Lithiamu ikijaa inakaa kwenye volti 13.2, 13.3 yenyewe hata gari imezimwa, kwa hiyo rilei inadhani injini bado inazunguka na haiachii. Tena lithiamu ikiwa na njaa inavuta ampia nyingi mno, inaweza kuichemsha alternata mpaka iungue.

Kwa lithiamu, na kwa hizi Hilux na Ranger mpya ambazo alternata yake inaongozwa na kompyuta na kujishusha volti ili kubana mafuta, unahitaji chaja ya DC kwa DC. Hii inachukua umeme wowote inaopewa na gari inaupandisha mpaka kiwango ambacho betri ya pili inataka, kwa hatua, na ampia haizidi ile iliyoandikwa, 25 au 40 au vyovyote. Victron, Redarc, CTEK wote wanatengeneza. Mimi yangu ni ya kundi hilo na sijawahi kujuta hata shilingi moja niliyoitolea. Ifunge karibu na betri ya pili nyuma, usiiweke kwenye injini, joto la pale likizidi chaja inajipunguza nguvu yenyewe na wewe utabaki unamlaumu muuzaji.

Halafu waya. Jamani waya! Hapa ndio roho yangu inauma kuliko sehemu zote, maana naona gari za watu zina betri nzuri na chaja nzuri halafu kutoka mbele mpaka nyuma pamepita kawaya ka spika. Chukua mfano, mita 5 kwenda na 5 kurudi, ampia 30 zinapita. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 6 unapoteza karibu volti 0.9 njiani. Alternata inatoa 14, nyuma inafika 13 na kidogo, betri ya AGM haitajaa hata uende mpaka Mwanza. Weka wa 16 unapoteza kama 0.3, wa 25 ni 0.2. Na ukienda dukani uulize milimita za mraba za shaba, usikubali kuonyeshwa unene wa plastiki. Fyuzi weka pande zote mbili za waya wa chanya, kila moja karibu kabisa na betri yake, kwa sababu pande zote mbili zina moto, waya ukichubuka katikati kwenye bodi gari inaweza kuungua na wageni wako ndani. Hili nasema kwa nguvu kwa sababu fundi ataweka moja tu na atakuambia inatosha. Haitoshi.

Kuna na wale wanaokuta gari ina betri mbili tangu kiwandani wanashangilia. Angalia vizuri, baadhi ya Land Cruiser za zamani zilizotoka Japani zimefungwa mbili kwa ajili ya stata ya volti 24. Hizo zote mbili ni za kuwashia. Ukichomeka friji kwenye mojawapo unaziharibu zote.

Hesabu yake sio ngumu. Friji ya lita 40 ya kompresa, mchana na usiku inakula kati ya 35Ah na 50Ah (Ah ni ampia mara masaa) kutegemea joto, Natron kule ambako joto linafika nyuzi 40 hesabu 50. Taa za LED, simu, kamera na kompyuta za wageni weka 15 juu yake. Betri ya AGM ya 100Ah usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 50 tu za kutumia. Lithiamu ya 100Ah unatumia 80 bila wasiwasi. Hapo utajua mwenyewe unahitaji nini, usiniulize mimi ninunue ipi bila kuniambia una friji gani.

Na kitu ambacho video za watu wa Australia hazitakuambia, wao wanatembea mamia ya kilomita kila siku, sisi hatutembei hivyo. Siku ya Arusha mpaka Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300, betri inajaa vizuri. Lakini baada ya hapo kazi yetu ni gemu draivu, unatembea dakika ishirini unazima, unaangalia chui juu ya mti saa nzima, unatembea tena kidogo. Alternata haipati muda. AGM ndio kabisa, ile asilimia 20 ya mwisho inataka masaa mengi. Ndio maana juu ya gari yangu kuna paneli ya sola ya wati 100 na regyuleta yake ya kuongoza chaji, jua la mchana kule linanirudishia kama 30Ah wakati mimi nimepaki namuonyesha mgeni ndege. Ipangie mahali ambapo kivuli cha hema hakiigusi.

Mwezi uliopita nilipita na familia moja Natron, tukapandia Klein's Gate, Lobo, mpaka Seronera, siku zote friji haikuzimwa, barafu ipo, na kila alfajiri gari inashika kwa mguso mmoja. Yule baba mgeni ni mhandisi, akaomba nimfungulie nyuma aone nilivyofunga, akapiga picha akasema hata kwao wengi hawafungi hivi. Nilijisikia vizuri sana, sitaficha. Nilimkumbuka yule aliyeniita mzembe.

Kwa hiyo wadau wangu, nunueni mita ya kupimia volti na mjifunze kuisoma, ni bei ndogo sana. Fundi akimaliza usimlipe mpaka upime naye. Gari imezimwa na imepumzika masaa kadhaa, betri ya mbele isome 12.6 au zaidi. Washa friji usiku mzima nyumbani kwako, asubuhi pima tena ya mbele, iwe haijashuka. Washa injini, pima kwenye vichwa vya betri ya pili, AGM ione 14 na kitu, ikiwa inasoma 13 na kidogo waya ni mwembamba au arthi (waya wa hasi unaoshika bodi) imefungwa kwenye rangi badala ya chuma. Kwangua rangi, kaza, pima upya. Halafu ipeleke kwenye barabara ya makorongo siku moja, rudi ushike kila nati kwa mkono, ile mitetemo ya kutoka geti la Naabi inafungua kila kitu ambacho hakikukazwa. Dogo wa Moshi, ukifanya haya yote na bado inasumbua niandikie tena, nitumie na picha ya fyuzi zote mbili.