Mwanao akitaka kukaa golini kwenye lakrosi ya ndani

Kila mwaka baridi ikianza kulegea hapa Ontario, hupigiwa simu na wazazi wenzangu wa Kiswahili. Mtoto amerudi kutoka shule na habari za lakrosi, na hataki kukimbia na fimbo kama wenzake, anataka kuwa kipa. Mzazi anataka kujua kama ni hatari, kama kuna pesa, kama itamsaidia kuingia chuo. Mimi nimekaa golini tangu utotoni hadi ligi za watu wazima, na siku hizi wikendi nafundisha makipa wadogo. Haya ndiyo ninayowaambia.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wengi wetu hatukukua nao: mpira hubebwa na kurushwa kwa fimbo yenye wavu mdogo kichwani. Lakrosi ni mali ya mataifa ya asili ya huku, Wahaudenosaunee wakiwa mbele, na kwao mpaka leo ni mchezo wa ibada na uponyaji. Mwanao ajue hilo kabla hajavaa pedi za kipa. Lakrosi ya ndani, ambayo Wakanada huiita boksi, ilikuja miaka ya 1930, wenye kumbi za hoki walipotaka kuzijaza watu wakati wa kiangazi ambapo barafu haipo. Timu ina wachezaji sita uwanjani pamoja na kipa, mpira ukigonga ukuta mchezo unaendelea, na timu yenye mpira ina sekunde 30 za kupiga golini. Goli lenyewe ni dogo, futi 4 kwa futi 4. Kwenye NLL, ligi ya kulipwa, upana ni futi 4 na inchi 9. Lakini mpira ni raba ngumu tupu, na wakubwa huupiga kwa kasi inayopita kilomita 150 kwa saa wakiwa hatua chache tu kutoka kwa kipa.

Kwa hiyo kipa wa boksi hadaki, anaziba. Wazazi wengi hudhani kinachotakiwa ni wepesi wa mikono, na mtoto mwepesi wa mikono ndiye hunisumbua zaidi mazoezini, kwa sababu kila mpira anaurukia. Namfundisha kusimama. Fimbo chini, kichwa kipana cha fimbo kimeziba nafasi kati ya miguu. Mabega wazi, kifua kimeelekea mpira, si mwenye mpira. Mpira ukipasiwa upande wa pili, kipa anasogea kwa hatua fupi fupi akifuata upinde mbele ya goli, bila kuvuka miguu, ili afike kabla ya mpigaji na kumwachia nafasi ndogo iwezekanavyo ya kulenga. Kazi hii haionekani. Watu jukwaani hushangilia kipa aliyeruka, mimi hushangilia aliyepigwa kifuani akiwa amesimama wima, kwa kuwa najua alishaimaliza kazi kabla mpira haujatoka kwenye wavu wa fimbo.

Akishauzuia, kuna kazi ya pili ambayo makocha wa watoto huisahau. Kipa ndiye anayeanzisha shambulizi. Mpira ukianguka miguuni pake anatakiwa auokote na kumrushia mwenzake anayetoka benchi mbio, mara nyingi zaidi ya nusu uwanja. Mnunulieni mtoto mpira, atafute ukuta wa matofali, arushe na kupokea kwa ile ile fimbo nzito ya kipa. Mazoezi hayo hayana gharama na hakuna yanayolipa zaidi.

Sasa moyo, na hapa ndipo naomba mnisikilize. Sisi tumelelewa na soka. Kipa wa soka akifungwa mabao matatu anatoka kichwa chini. Kwenye boksi ya wakubwa, kipa aliyefungwa mabao 10 huenda amecheza vizuri sana na timu yake imeshinda. Anayezuia mipira minane katika kila kumi ni kipa wa kiwango cha juu. Mzazi asiyelielewa hili humuumiza mtoto ndani ya gari wakati wa kurudi nyumbani, kwa maneno au kwa kunyamaza. Ukitaka kujua kama mwanao anafaa, mwangalie sekunde zinazofuata bao. Akinywa maji, akagonga miimo ya goli kwa fimbo na kurudi mahali pake, huyo muachie aendelee. Akiwa bado anamtafuta aliyekosea kukaba, mpe muda, usimlazimishe.

Kuhusu safari yenyewe, ni ndefu, na hilo ndilo ningependa kila familia ilipange mapema. Mtoto hupanda madaraja ya umri, kisha ligi za vijana zinazoishia miaka 21, ambako mabingwa wa Kanada hugombea Minto Cup. Baada ya hapo ni ligi za wakubwa na Mann Cup, kombe linaloshindaniwa tangu 1910. Wengi huacha wakifika 21 kwa sababu hawakuchaguliwa na timu ya NLL. Nawasihi wasiache. Timu huvalisha makipa wawili tu, na wa pili anaweza kukaa benchi misimu mingi, lakini nafasi hii huiva kwa umri kama muhogo ulioachwa ardhini. Kipa Bob Watson alimaliza mchezo wake mwaka 2011 kwa ubingwa wa NLL na Toronto Rock akiwa na miaka 40. Matt Vinc alitwaa ubingwa mara tatu mfululizo na Rochester, 2012 hadi 2014, kisha akafanya vivyo hivyo na Buffalo kuanzia 2023 hadi 2025, naye alikwisha kuvuka 40. Kusoma pembe na mazoea ya wapigaji kunachukua miaka, na miaka hiyo haipatikani kwa njia ya mkato.

Pesa ni kidogo. Mechi za NLL huchezwa zaidi wikendi, na wachezaji wengi wana kazi nyingine: walimu, wazima moto, mafundi. Mtoto asome au ajifunze ufundi, tena kazi ambayo Ijumaa jioni inamruhusu kusafiri.

Na chuo? Vyuo vya Marekani vinavyotoa ufadhili hucheza lakrosi ya uwanja wa nje, ambako goli ni futi 6 kwa 6, kipa havai pedi kubwa, na wepesi wa mikono ndio unaotawala. Mchezaji wa mbele wa boksi huhamia nje kwa urahisi; kipa lazima ajifunze karibu kazi mpya. Inawezekana. Kipa Dillon Ward alisoma chuo cha Bellarmine kule Kentucky akicheza nje, mwaka 2014 akawa mchezaji bora wa mashindano ya dunia ya uwanja wa nje, Kanada wakichukua dhahabu, na 2022 akatwaa ubingwa wa NLL na Colorado. Kama ufadhili ndio lengo la familia, mtoto aanze kukaa golini nje mapema, akiwa na miaka 12 au 13, huku akiendelea na boksi.

Vifaa vya kipa ni ghali, msikimbilie dukani. Klabu nyingi za watoto zina seti za kuazima, kwa hiyo ulizeni siku ya kujiandikisha, na jiandikisheni mapema maana msimu wa watoto huanza majira ya kuchipua. Vya kuazima vikiwa vimechakaa, pedi za miguu zinaweza kusubiri. Kofia isisubiri, wala kinga ya koo inayoning'inia chini yake. Zikagueni kila msimu, mfungieni mtoto wenyewe, kisha mwambieni atazame juu, aangalie chini na kugeuza shingo pande zote. Ngozi ya koo ikionekana popote, asiingie uwanjani siku hiyo.