Bolti ya kumwagia oili inavuja hata baada ya kukazwa

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini bolti ya kumwagia oili ya pikipiki yako hapo Malindi ingali inadondosha, ingawa fundi ameikaza kwa spana iliyoongezwa bomba, na kama uizungushie tepu ya mabomba ya maji. Nakusihi usiikaze tena. Kinachozuia oili si meno ya bolti bali ni washa, yaani pete bapa laini ya shaba au alumini inayokaa chini ya kichwa cha bolti, ambayo hubanwa ikaziba mikwaruzo midogo. Ibadilishe kila umwagapo oili. Chini ya injini ni alumini na bolti ni chuma, hivyo nguvu ikizidi, meno ya injini ndiyo yanayong'oka.

Futa vizuri mahali washa inapokaa, maana chembe moja ya mchanga wetu yatosha kuacha upenyo, kisha ingiza bolti kwa vidole mpaka ifike mwisho, ndipo ushike spana. Kitabu cha pikipiki kikitaja nguvu ya kukazia ya nyutoni-mita 24, hiyo ni kama kilo 12 zikining'inia kwenye ncha ya spana ya sentimita 20. Tepu iache kabisa, kwani vipande vyake vyaweza kuingia kwenye oili. Bolti ikizunguka bila kushika, usiendeshe. Meno yameshakwisha na yanahitaji kuchongwa upya.