Matundu madogo kwenye pafu: huenda ni nini?

Pole dada. Umesema picha ya kifua ya baba imeonyesha matundu madogo sehemu ya juu ya pafu la kulia, na mnaogopa ni saratani. Kwa huku kwetu, cha kwanza kufikiria ni kifua kikuu (TB). Hupenda sana sehemu ya juu ya pafu, hula nyama yake na kuacha uwazi. Apimwe makohozi kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB. Majibu yanaweza kutoka siku hiyo hiyo, na kwenye vituo vya serikali hakuna malipo.

Muulizeni pia kama aliwahi kuugua TB zamani. Tundu linaweza kubaki miaka mingi baada ya kupona, na fangasi wakaota humo ndani. Hapo mtu anakohoa damu ilhali makohozi hayana TB.

Mengine: jipu la pafu, hasa kwa mlevi, mwenye kifafa au meno mabovu (makohozi yake hunuka vibaya), usaha unaosafiri na damu kutoka kwingine mwilini, na mara chache baridi yabisi (ugonjwa wa viungo). Saratani ipo kweli, hasa kama ni mvutaji, na tundu lake mara nyingi huwa na ukuta mnene. Sigara nayo huacha mapovu ya hewa yenye ukuta mwembamba, ila hayo ni kitu kingine.

Picha peke yake haitoshi, na msimwanzishie dawa za kununua dukani. Akikohoa damu nyingi, hospitali usiku huo huo.