Kutoka Skuta hadi Pikipiki ya Gia: Ushauri kwa Anayeanza

Ndugu unayeiacha skuta na kununua pikipiki yako ya kwanza ya cc 100 au 125, usihangaishwe sana na gia, kwa maana gia utazizoea upesi. Kinachonitia wasiwasi, kwa niaba yako, ni mkono wako wa kushoto.

Katika skuta nyingi leva ya kushoto ni breki ya gurudumu la nyuma, na ya kulia ni breki ya mbele, kwa hiyo ukishtuka unabana mikono yote miwili na chombo kinasimama. Katika pikipiki leva ile ya kushoto ni klachi, na breki ya nyuma imehamia mguu wa kulia. Mtu aliyezoea skuta, anapokutana ghafla na teksi iliyosimama bila ishara katika barabara ya Jinja hapa Uganda, au na ng'ombe anayevuka njia karibu na Tororo, hubana leva zote mbili kama alivyozoea: klachi inaitenga injini na gurudumu, hivyo injini haisaidii tena kupunguza mwendo, breki ya mbele inabeba kazi yote, na mguu wa kulia unabaki umetulia. Kwenye lami kavu huenda akasimama salama, lakini kwenye udongo mwekundu ulionyeshewa gurudumu la mbele hujifunga na kuteleza, naye akaanguka. Sheria haitakulazimisha kujifunza upya, kwa kuwa pamiti (leseni ya udereva) ya daraja A uliyokuwa ukiendeshea skuta ndiyo hiyo hiyo ya pikipiki. Hilo ni jukumu lako mwenyewe.

Kwa hiyo tafuta uwanja mtupu, kama ule wa shule siku ya Jumapili, na uombe ruhusa ya kuutumia. Anza injini ikiwa imezimwa: kaa juu ya pikipiki, bana leva ya kulia huku ukikanyaga breki ya mguu, na urudie hadi mkono na mguu viende pamoja bila wewe kufikiri. Kisha washa, weka gia ya kwanza, uachie klachi polepole mpaka usikie injini inaanza kuvuta, na utembee kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, ukiuongoza mwendo huo kwa klachi iliyobanwa nusu na breki ya mguu. Zoezi hili linachosha, lakini ndilo litakalokusaidia katika msongamano wa Kampala. Baadaye jaribu kusimama kutoka kilomita 20 kwa saa, halafu 30. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi kwenye lami, ila ibane kwa kuongeza nguvu taratibu, si kwa kuikaba. Kwenye changarawe ipunguze na uutegemee zaidi mguu. Klachi ibane mwishoni tu, pikipiki inapokaribia kusimama, ili injini isizimike.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mpangilio wa gia. Ziko pikipiki ambazo gia zote hukanyagwa upande mmoja, na ziko ambazo ya kwanza hukanyagwa chini na nyingine huinuliwa juu. Anayechanganya mipangilio hii huweza kushusha gia alipokusudia kupandisha, gurudumu la nyuma likakwama ghafla.

Vilima vinahitaji mafunzo yake. Unapoondoka ukipanda mwinuko wa Kololo au Makerere, ishikilie pikipiki kwa breki ya mguu, mguu wa kushoto ukiwa chini, ongeza mafuta kidogo, achia klachi hadi injini ivute, ndipo uiachie breki. Ukiteremka kutoka Kapchorwa kuelekea Mbale, shusha gia mapema na uiache injini ikuzuie, kwa sababu breki zinazokanyagwa mteremko mzima hupata moto na kudhoofika. Usiteremke kamwe katika gia huru, yaani bila gia yoyote kuingia, ili kuokoa mafuta, hata ukiwaona wengi wakifanya hivyo.

Skuta ilikuwa na mkanda uliofichwa ndani. Pikipiki nyingi zina cheni iliyo wazi, na vumbi letu huila haraka. Isafishe, ipake oili, na uhakikishe inalegea kwa takriban sentimita 2 hadi 3 katikati, isikaze wala kuning'inia. Stendi ya pembeni nayo ikunje kila unapoondoka, maana pikipiki nyingi ndogo hazizimiki zenyewe ikiwa imeachwa chini, na kwenye kona ya kushoto inaweza kugonga barabara na kukuangusha.

Abiria asipande mpaka mguu wako wa kulia uwe unafika kwenye breki wenyewe, bila kuamriwa. Atakapopanda, avae kofia ngumu yake mwenyewe, nawe uanze kusimama mapema kuliko ulivyozoea, kwa kuwa uzito wake huongeza umbali wa kusimama.