Njia ya kushukia baharini yageuka mtaro kila masika, tufanyeje?

SWALI: Asalaam aleikum. Sisi ni kikundi cha vijana wa Mikindani, twafanya usafi na kupanda mikoko huku Tudor Creek, Mombasa. Sasa twataka njia nzuri ya miguu ya kushuka hadi baharini, wavuvi wapite, wageni wapite, watoto waje waone mikoko. Iliyopo yashuka moja kwa moja na masika yakija yawa mtaro, tulijaza kifusi chote kikaenda na maji. Watu wa kujitolea tunao, pesa hatuna. Tuanzie wapi, na je tutafute saruji? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kifusi hakina kosa, kosa ni vile njia imelala. Ikifuata mteremko moja kwa moja maji nayo huifuata hiyo hiyo, yakishapata kasi hata mmwage malori yatabeba tu. Kwa hiyo njia hiyo iacheni, chorini nyingine inayokata mteremko kwa ubavu, ishuke polepole. Kipimo cha wajenzi wa njia hizi ni kwamba mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa kilima, yaani kilima kikishuka mita 14 kwa kila mita 100, njia isizidi 7, na hata kilima kiwe kikali namna gani, kwa wastani isipite 10.

Kupima hakutaki mashine. Fungeni miti mitatu iwe herufi A, miguu iachane mita 2, juu mning'inize uzi wenye jiwe. Isimamisheni mahali palipo sawa, pale uzi unapogusa mti wa kati tieni alama, kisha inueni mguu mmoja kwa kibao cha sm 14 mtie alama ya pili, hiyo ndo asilimia 7 yenu. Tembeeni nayo ubavuni mkifunga vitambaa vya leso kuukuu kwenye vichaka, halafu rudini muipite tena kabla jembe halijagusa udongo. Hii kazi ya kupanga ndo wengi huiruka manake haina picha nzuri, na ndo yenye thamani kuliko zote.

Nendeni pia mvua ikinyesha muone maji yapita wapi, na siku za bamvu, manake hapo maji hupanda zaidi ya mita 3 toka yalipokupwa. Waulizeni wavuvi na kina mama wapita wapi sasa hivi, msipowauliza watakata njia yao ya mkato na yenu itaota nyasi. Na mikoko msiiguse hata tawi kabla ya kuongea na watu wa misitu, KFS. Sheria ya misitu ya 2016 yawapa wenyeji nafasi ya kujisajili kama chama cha jamii na kusimamia msitu pamoja nao, itumieni. Kwenye tope lenyewe msichimbe kabisa, kina mama wa Gazi kule Kwale waliweka njia ya mbao juu ya mikoko na wageni hulipa kupita.

Siku ya kuchimba ngojeeni udongo ukiwa na unyevu bado, ukikauka ule mwekundu sururu yadunda tu. Mwenye jembe asimame mita 3 toka kwa mwenzake tafadhali, nawaomba sana hapo. Ukingo wa chini wa njia uwe chini kwa sm 5 kwa kila mita ya upana, maji yakate yaende zake, na kila baada ya kipande njia izame kidogo ipande kidogo ili yasikusanyike. Kisha gawaneni vipande, kila mtaa na chake, wakiangalie kabla na baada ya mvua.

Saruji hapana. Maji hupita chini yake yakaila mpaka ikapasuka, na hamtakuwa na pesa ya kuirudia. Panapovukwa na mkondo pangeni mawe yanayotoka kwenye huo uchimbaji wenu, msiende kung'oa ya mwambani.