Nitie majivu kwenye samadi ya kuku ili isinuke?

SWALI: Nafuga kuku arobaini wa mayai. Kila wiki nazoa samadi bandani, naitia kwenye mifuko ya plastiki na kuifunga. Juzi nimefungua mmoja, harufu ikanitoa machozi. Samadi hiyohiyo niliiweka kwenye mashina ya nyanya, na sasa kingo za majani zimekauka kama zimepitiwa na moto. Jirani ananiambia nichanganye na majivu harufu itakatika. Nimsikilize? Na niihifadhi vipi?

JIBU: Majivu usitie. Harufu itakatika kweli, lakini itakatika kwa sababu mbolea yenyewe imeshaondoka.

Tazama kinyesi cha kuku kikiwa kibichi: kuna sehemu ya kahawia na utando mweupe juu yake. Ule weupe ni asidi ya uriki, namna ya ndege ya kutoa mkojo, na ndimo ilimo sehemu kubwa ya naitrojeni, chakula kikuu cha mmea. Ikibaki kavu, hutulia. Ikipata unyevu, bakteria huigeuza kuwa amonia, gesi inayoondoka na naitrojeni hiyo, na hiyo ndiyo iliyokutoa machozi. Majivu na chokaa huifukuza amonia itoke haraka zaidi. Kama una majivu mengi, yapeleke bustanini peke yake, wiki kadhaa mbali na siku ya kuweka samadi.

Nyanya zako zimeunguzwa na amonia hiyo pamoja na chumvichumvi za samadi mbichi. Leo hii iondoe yote iliyozunguka mashina, kisha mwagilia maji mengi, taratibu, yazame chini. Usiongeze mbolea nyingine kuzifariji! Majani yaliyoungua hayaponi. Angalia yanayochipua juu.

Sasa mifuko. Samadi mbichi kwenye plastiki iliyofungwa huoza bila hewa, na huo ndio uvundo unaouona. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuianika kwa tabaka jembamba chini ya paa mpaka ivunjike mkononi, kisha uitie kwenye viroba vinavyopitisha hewa, juu ya mbao, pasipofika mvua. Hapo itakaa miezi mingi. Lakini kukauka si kuiva: vimelea vya magonjwa kama salmonela vinaweza kubaki hai ndani yake, na ukiilowesha, amonia inaanza upya.

Ya pili, ambayo mimi ningeichagua, ni mboji. Kwa ndoo moja ya samadi tupu weka ndoo mbili au tatu za majani makavu au nyasi kavu. Kama bandani umetandika maranda, punguza, maana maranda yanafanya kazi hiyohiyo. Rundo lifike mita moja kila upande, la sivyo halitashika joto. Lilowe kiasi kwamba ukikamua konzi moja yatoke matone mawili matatu tu. Chomeka fimbo ya chuma katikati, iache dakika kumi, uichomoe: ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, rundo linafanya kazi. Tunataka nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Joto likishuka, geuza, ya pembeni iingie ndani. Ukigeuza na joto lisirudi ilhali unyevu upo, liache lipoe na kuiva mwezi mmoja au miwili zaidi. Lifunike kwa turubai, na liwe mbali na kisima, kwa sababu mvua ikipita humo inashuka na naitreti, chumvi ya naitrojeni inayochafua maji ya kunywa.

Iliyoiva haichomi pua, hunukia udongo. Kilo moja kwa mita mraba inatosha, nusu kilo kama udongo wako tayari una rutuba. Wengi hukosea hapa kwa kudhani vya asili havizidi, kumbe fosforasi, kirutubisho kingine cha samadi ya kuku, hujilimbikiza udongoni mwaka hadi mwaka.

Ukilazimika kutumia mbichi, ichimbie chini kabla ya kupanda, na zipite siku 120 kabla ya kuvuna kinachogusa udongo, kama karoti na spinachi, au 90 kwa kisichogusa. Nyanya zinazotambaa chini zihesabu na karoti.

Kama huna hakika imeiva, jaza kopo moja mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, jingine udongo mtupu, na upande maharage matano kila moja. Yale ya kwenye mboji yakichelewa kuota au yakitoka na majani yaliyojikunja, irudishe kwenye rundo.