Jibu: Metformini na sonona ya mama

Habari ndugu. Umeuliza kama mama, mwenye kisukari aina ya 2, aongezewe metformini, dawa ya kushusha sukari, ili sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu) impungue. Kwa sababu hiyo pekee, hapana. Metformini na pioglitazoni, dawa nyingine ya kisukari, zimejaribiwa pamoja na dawa za sonona, wengine wakapata nafuu, lakini hazijaidhinishwa kwa kazi hiyo. Pioglitazoni tena hujaza maji mwilini. Mwenye moyo kushindwa kufanya kazi haimfai.

Anza na kipimo cha vitamini B12. Kumeza metformini kwa miaka mingi huishusha vitamini hiyo, na upungufu wake huleta uchovu, huzuni, usahaulifu na ganzi miguuni, hivyo ni rahisi kudhani ni sonona tupu. Omba kipimo hicho na cha homoni za tezi ya shingo. Anapokuwa mnyonge ghafla, mpime sukari papo hapo: chini ya 3.9 mmol/L imeshuka.

Akiandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona, huku anameza glibenklamidi, dawa ya kisukari, sukari yaweza kushuka zaidi, kwa hiyo apime mara kwa mara wiki za mwanzo. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, nayo hunenepesha.

Akitaja kujidhuru, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.